Siku Tisa Mbali na Mizinga

Siku ya tatu ya sala za marehemu Doña Crescencia, jua likiwa utosini, wanawake walikuwa ndani wanaimba, na sisi wanaume tumekaa uani na vikombe vya chokoleti. Ndipo Anselmo Cauich aliposimama langoni kwa kaka yake Hilario, kofia mkononi. Mazungumzo yalikatika. Ndugu hao walikuwa na miaka miwili hawasemeshani. Hata jeneza la mama yao walilibeba pamoja, mmoja mbele mmoja nyuma, bila kutazamana.

"Pita, shemeji," alisema Fidelia, mke wa Hilario, akitoka jikoni na sinia la tamale za unga wa mahindi. "Nyumba ya mama yako hii."

"Aseme hapohapo alipo," alisema Hilario. Hakuinuka kwenye kiti.

Anselmo alisemea palepale langoni. "Kesho alfajiri tunapiga dawa. Shamba lote, mpaka ukingoni mwa msitu. Ni ile kali, kaka. Leo jua likizama funga mizinga yako, ifunike magunia yaliyolowa, usifungue mpaka keshokutwa."

"Tunapiga!" Hilario alitugeukia. "Mmemsikia? Tunapiga. Bwana mkubwa naye siku hizi ana soya."

Wachache tulicheka, cheko la kumfurahisha mwenye nyumba. Hapa Chunek hakuna asiyejua kwamba Anselmo alikodisha nusu yake ya ardhi ya baba yao kwa lile shamba kubwa la soya. Matingatinga yalisukuma msitu siku nne mfululizo, na sasa yeye mwenyewe ndiye dereva wa trekta la kunyunyizia dawa. Lakini kilichomkereketa Hilario zaidi kilikuwa gogo. Siku Anselmo alipohama alibeba begani gogo moja la nyuki wa mama yao, wale wadogo wasiouma ambao wazee wetu waliwafuga kabla hata ya Mhispania kutia mguu hapa. Nyuki hao hawauzwi. Mama alisema amempa. Hilario alizunguka kijiji kizima akisema ameiba.

"Nimekuja kwa wema," alisema Anselmo.

"Umekuja kunichezea akili. Mizinga nitaikaribia vipi? Nimebeba maiti mimi. Au soya imekusahaulisha na hilo? Siku tisa!"

Hapo alikuwa na haki yake. Kwetu sisi, aliyemshika maiti hamkaribii nyuki wala mtoto mchanga mpaka siku tisa ziishe. Upepo wa mfu unakuwa bado uko mikononi mwake. Nyuki wakiusikia wanahama, au wanaugua.

"Najua, kaka. Lakini hata mama mwenyewe, mwaka ule wa baba..."

"Usimtaje mama!" Kikombe cha Hilario kilimwagika gotini na hakujali. "Usimtaje kwa mdomo huo unaolishwa na waliomkatia msitu wake!"

"Basi niache nikafunge mimi."

"Wewe mikono yako imetoka mbinguni? Hukubeba jeneza? Naapa kwa msalaba ulioko humo ndani, ukigusa sanduku langu la nyuki hata moja nitaukata huo mkono."

Anselmo aliivaa kofia yake. "Masanduku arobaini, kaka," alisema taratibu. "Fikiria." Kisha akaondoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwita arudi.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa karibu na ua wa miti, na nilikunywa chokoleti yangu mpaka mwisho.

*

Wageni walipotawanyika, Fidelia alimfuata mumewe nyuma ya nyumba. Magogo matatu ya Doña Crescencia yalikuwa huko chini ya kibanda chake cha makuti, na Hilario alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kibandani, hataki kusogea zaidi.

"Baba Yuleni, tufanye nini?"

"Hakuna dawa itakayopigwa. Anataka nivunje siku za mama, halafu kijiji kiniseme."

"Na kama anasema kweli?"

"Anselmo? Kweli?"

Yuleni, binti yao wa miaka kumi na minane, alikuwa ameegemea mlango na taulo la jikoni begani. Februari alitarajiwa kwenda Campeche mjini kusomea uuguzi. Barua ya kumkubali ilikuwa imebanwa nyuma ya picha ya Bikira. Ada ilikuwa porini, ndani ya masanduku arobaini ya nyuki, ikisubiri maua ya mwituni ya tajonal yafunguke Desemba. Familia hii haikuwa na njia nyingine ya kuipata, na wote watatu walijua.

"Niende mimi, baba," alisema. "Mimi sikumwosha bibi kama mama. Wala jeneza sikuligusa."

"Ulimbusu."

"Kwenye paji la uso tu!"

"Basi umeshagusa. Hapana."

"Baba, magunia nayaweka tu juu, siwafungui..."

"Nimesema hapana, Yuleni. Ukiwafukuza nyuki kwa mkono wako mwenyewe, ukishakosa shule utamlilia nani?"

Akarudi jikoni. Alikuwa mtoto wa kusikia la baba yake, na mpaka leo hajajisamehe kwa hilo.

Saa zikaenda. Hilario alizunguka uani, akapasua kuni zisizohitajika, akamkaripia mbwa. Jua lilipoanza kuwa jekundu ndipo woga ulipomwingia moyoni. Akachukua kofia, akatembea mbio mpaka kwa Wilbaldo Pech, jirani yake, mfugaji kama yeye. Wilbaldo hakuja mazishini kwa sababu mkewe alikuwa ametoka kujifungua. Mikono yake ilikuwa safi.

Alimkuta ameinama kwenye pipa la maji, analowesha magunia.

"Kumbe na wewe umesikia," alisema Hilario.

"Anselmo alipita hapa saa saba. Amepita kwa wafugaji wote, maskini, kwa miguu." Wilbaldo alikamua gunia. "Vipi?"

"Nina arobaini kule, na mimi..." Aliinua mikono yake, akaionyesha kama mtu aliyeshikwa na polisi.

Wilbaldo alielewa mara moja. Alilitazama jua, akayatazama magunia, akatikisa kichwa. "Hilario, ndugu yangu, mimi nina sitini na mikono miwili. Ungekuja saa nane tungegawana kazi. Sasa hivi? Giza litanikuta nikiwa kwenye yangu."

"Hata kumi tu."

"Ungekuja saa nane, bwana."

Hilario alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti chake kilekile. Jua lilizama. Fidelia alimletea chakula, hakula.

*

Asubuhi yalisikika matrekta kabla hata jogoo hajamaliza. Harufu ilifika saa moja, harufu kama ya sabuni mbovu, ikaingia mpaka kwenye unga wa tortilla, chapati zetu za mahindi. Saa tatu nyuki wa kwanza alianguka mezani pa marehemu, katikati ya peremende na mishumaa. Alikuwa anazunguka palepale kwa mgongo, ulimi nje, miguu inatetemeka.

Kwetu ukimuua nyuki mdogo hata kwa bahati mbaya unamfunga kwenye jani, unamzika. Ndivyo alivyofundishwa Fidelia na mama mkwe wake. Alipokufa, alichuma jani la mpera, akamviringisha yule nyuki, akamfukia chini ya kibanda. Akaja wa pili, akamfanyia hivyohivyo. Wa tatu. Wa kumi. Kufikia saa tano walikuwa sakafuni kama maharage yaliyomwagika, wakubwa wa porini na wadogo wa magogoni, na majani ya mti yakaisha sehemu anayoweza kufikia. Akachukua ufagio. Alifagia analia kwa sauti, na Hilario alimsikia, naye akabaki uani ameshika kichwa.

"Nenda kawaone basi!" Fidelia alimpigia kelele. "Si wameshakufa? Upepo gani tena utawadhuru?"

Akaenda. Mbele ya kila sanduku palikuwa na lundo. Aliinua vifuniko kimoja baada ya kingine. Masega yalikuwa yamejaa watoto wa nyuki, weupe, wazima, hakuna wa kuwalisha. Kwenye sanduku moja alimkuta malkia anatembea juu ya sega, na nyuki wafanyakazi wanane au tisa wanamfuata wakipepesuka. Alikaa chini kati ya masanduku yake. Alikaa muda mrefu sana, na nyuki mmoja aliyekuwa hai akapanda kwenye kiganja chake kile kilichobeba maiti, akafia hapo.

*

Wiki iliyofuata alikwenda ofisi ya kilimo mjini na mfuko wa nailoni uliojaa nyuki waliokufa. Alisubiri kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa saba. Karani alikuwa kijana mwenye feni ndogo mezani, na mfuko ulipofunguliwa aliigeuza feni ipulize upande wa Hilario.

"Mzee, hawa wameoza."

"Wamekufa siku ya sita leo."

"Sampuli inaletwa ndani ya siku moja, kwenye barafu."

"Chunek hakuna barafu, bwana."

"Sasa hilo mimi nifanyeje?" Alivuta fomu. "Namba ya usajili wa mizinga?"

"Ni nyuki wa baba yangu."

"Sijauliza ni wa nani. Namba." Akasubiri, akachora mstari. "Haya. Wenye shamba walikupa taarifa kabla ya kupiga dawa?"

Hilario aliutazama mfuko wake.

"Mzee, nakuuliza. Ulipewa taarifa?"

"Nilipewa."

Karani aliweka kalamu chini. "Sasa kama ulipewa, kwa nini hukufunga?"

Ungemwelezaje kijana yule, na feni yake, habari za siku tisa na upepo wa mfu? Watu wawili kwenye benchi walikuwa wameshaanza kusikiliza. Hilario alifunga mfuko wake mafundo mawili.

"Nilikuwa na msiba," alisema.

"Pole. Lakini kwa hapa hakuna kesi. Anayefuata!"

Hakupanda gari kurudi. Alitembea, maana nauli aliyobakiza alimnunulia Yuleni daftari, na hata hakujua kwa nini alilinunua.

*

Watu wa mjini wanadhani nyuki ni asali tu. Sisi mwaka ule tulijua vizuri kwamba sivyo. Maboga yalikuwa yamechanua vizuri mno, mashamba yote manjano, na kila boga lilipofikia ukubwa wa yai liligeuka rangi, likadondoka. Hapakuwa na wa kubeba chavua kutoka ua dume kwenda ua jike. Hata Wilbaldo aliyefunga masanduku yake sitini alipoteza ishirini siku alipowafungua, kwani sumu ilikuwa bado iko kwenye maua. Mbegu za maboga tunazoziuza ndizo sukari yetu, sabuni yetu, viatu vya watoto. Kuzikosa ni kukosa mwaka mzima.

Fidelia ndiye aliyeanza. Alfajiri, kabla ua halijajifunga, unachuma ua dume, unalivua petali zake, kile kijiti cha katikati unakipaka ndani ya ua jike. Kisha jingine. Kisha jingine. Mgongo unauma mpaka unasahau jina lako. Hilario akaingia mstari wa pili, kimya, na Yuleni wa tatu.

Doña Nazaria, jirani yao mwenye ulimi, alisimama njiani siku moja akicheka na ndoo yake kichwani. "Jamani, nyuki wa Hilario wamekuwa wakubwa siku hizi! Wanavaa mpaka mitandio! Malkia nani hapo?"

"Njoo uone utakavyodungwa," alijibu Fidelia bila kuinuka.

Doña Nazaria alicheka zaidi. Kesho yake alikuwa kwenye shamba lake mwenyewe, ameinama, ua dume mkononi, na hakumcheka mtu tena.

Kwa siku kumi na nane watu watatu walifanya kazi ambayo nyuki waliifanya kila asubuhi bila kuombwa, na mavuno yao hayakufika robo ya yale ya mwaka uliopita. Yuleni mwenyewe aliiondoa barua yake nyuma ya picha ya Bikira. Hakumwambia mtu. Jumatatu alianza kazi ya kupika kwenye kantini ya lile shamba kubwa, na jioni alirudi na aproni yenye nembo ya shamba, akaianika kwenye kamba, kando ya mashati ya baba yake.

Hilario aliitazama ile aproni ikipepea.

"Wanakulipa vizuri?" aliuliza.

"Wanalipa, baba."

"Mwakani..."

"Ndiyo, baba. Mwakani."

*

Mwisho wa Oktoba, siku ile tunapotayarisha meza za wafu wetu wanaorudi kula, Hilario alitoka dukani na mishumaa ya kununua, ile myeupe isiyonukia chochote. Tangu azaliwe, mishumaa ya nyumba yao ilitengenezwa kwa nta ya nyumbani. Mama yake angerudi kwa mara ya kwanza, na taa yake ingekuwa ya dukani. Aliipanga mezani, akaipangua, akaipanga tena.

Anselmo alikuja alasiri ile. Sasa hakusimama langoni. Aliingia moja kwa moja, begani amebeba gogo, pande zote mbili limezibwa kwa mawe na udongo, na tundu lake dogo katikati limefunikwa kitambaa kibichi. Alilitua taratibu juu ya benchi, jasho likimtiririka.

"Ni lile," alisema. "Usiku ule nilililaza ndani, chini ya kitanda. Wazima wote."

Fidelia alitoka jikoni, akaweka mkono mdomoni.

"Alinipa mama," alisema Anselmo. "Sikuiba, kaka."

"Najua."

"Unajua?"

"Aliniambia siku ileile." Hilario hakuweza kumtazama. "Nilitaka tu watu wasikuamini."

Anselmo aliingoja hasira yake ije. Haikuja, au alikuwa amechoka nayo. "Mimi ndiye niliyeendesha trekta asubuhi ile," alisema. "Nilisema nikikataa watampa mwingine, na kweli wangempa. Lakini niliyaona masanduku yako pale ukingoni, hayana gunia. Nikapita. Ningeweza kusema trekta limeharibika. Uongo mdogo tu, kaka. Kila siku nalala na hilo."

Ndani ya gogo walisikika wale wadogo, wanavuma chini kwa chini.

"Haya, shika upande huo," alisema Anselmo. "Tuwapeleke kibandani kwao."

Hilario alirudi nyuma. "Mimi siwezi kuwagusa. Mikono hii imezika masanduku arobaini. Imezika na magogo matatu ya mama. Nikiwagusa hawa nao..."

"Ndoo iko wapi?"

"Ndoo ya nini?"

Anselmo aliiona mwenyewe. Aliichukua ndoo ya kisimani, akaenda kwenye ua wa miti, akavunja matawi ya sipché, kile kichaka ambacho hapa kwetu kinaota kila mahali na mbuzi hawakitaki. Akayaponda majani kati ya viganja, akayatia majini mpaka maji yakawa kijani.

"Nawa. Mpaka viwikoni, mara tatu."

"Kisha?"

"Kisha basi. Mwaka ule baba alipofariki, siku ya pili mvua ilikuwa inakuja na masanduku yalikuwa wazi. Wewe ulikuwa mjini kwa kasisi. Mama ndiye aliyemwosha baba, lakini alinawa hivihivi, akaenda kuyafunga. Mimi nilimshikia ndoo. Alisema siku tisa ni za mtu asiye na haraka, na nyuki wanamjua anayewapenda."

Fidelia aliketi kizingitini. Yuleni alikuwa ameingia kutoka kazini, aproni bado kiunoni, na alikuwa amesikia yote.

"Ndilo ulilotaka kuniambia siku ile," alisema Hilario.

"Nilianza."

Hilario alikitazama kile kichaka. Palikuwa na hatua sita kutoka hapo mpaka pale alipokuwa ameweka kiti chake siku ya tatu ya mama yake, na kikombe cha chokoleti mkononi, na alasiri nzima mbele yake.

Na mimi niseme langu. Kiti changu kilikuwa karibu zaidi. Matawi ya sipché yalinigusa bega. Bibi yangu naye alikuwa akinawa hivyo, nilimwona nikiwa mdogo. Nilikumbuka siku ileile, Anselmo alipokuwa langoni. Lakini Hilario alikuwa na hasira, watu walikuwa wanacheka, nami nikasema moyoni kwamba mambo ya ndugu ni ya ndugu.

Hilario alipiga magoti mbele ya ndoo. Alinawa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka viwikoni, kama alivyoelekezwa. Akaingiza mikono tena. Akasugua kucha, akasugua vifundo, mara ya nne, mara ya tano, maji ya kijani yakimrukia usoni, na binti yake amesimama pale mlangoni anamtazama, mpaka Anselmo alipoinama na kumshika mabega.

"Basi, kaka," alisema. "Imeshatakata. Basi."